Ushirika wa Wachoraji wa Paris

Picha za Claude Monet, Auguste Renoir na Camille Pissarro zajulikana leo duniani kote, na aghalabu habari zao husimuliwa kama ushindi wa macho mapya juu ya macho ya kale. Lakini habari hiyo, kabla ya kuwa ya rangi, ilikuwa habari ya ushirika: watu wa kazi moja walichanga fedha, wakaandika sheria, wakapanga nyumba, wakaonyesha kazi zao bila kuomba ruhusa ya mtu. Kati ya 1874 na 1886 walifanya maonyesho manane, yote kati ya mwezi wa Machi na wa Juni, majira ambayo watu wa Paris walizoea kutazama picha. Maonyesho hayo yafundisha kwamba kumwondoa mwamuzi mlangoni si kuuondoa uamuzi. Ni kuuhamishia ndani ya nyumba.

Nyakati hizo mchoraji wa Ufaransa alikuwa na mlango mmoja tu mkubwa wa kupitia, nao ni maonyesho ya Serikali yaliyoitwa Salon. Baraza la waamuzi lilichagua picha za kutundikwa, na picha iliyokataliwa ilikuwa vigumu kuuzika. Mwaka 1863 waliokataliwa walikuwa wengi na malalamiko yakazidi, hata Mfalme Napoleon III akaamuru kazi zao zionyeshwe kando. Lakini hiyo ilikuwa fadhila ya mfalme, na fadhila si haki.

Tarehe 27 Desemba 1873 chama kikaundwa. Pissarro, aliyekuwa akikaa Pontoise, alileta mfano wa sheria za chama cha waoka mikate wa mji huo. Renoir akaona sheria hizo ni nyingi mno kwa watu wa sanaa, zikapunguzwa. Zilizobaki zilikuwa wazi. Kila mwanachama alitoa faranga 60 kwa mwaka. Wote walikuwa na haki sawa. Sehemu moja ya kumi ya mauzo iliingia katika mfuko wa wote. Na picha za ukubwa mmoja zilipangiwa nafasi kwa kura, ili asiwepo wa kulalamika kwamba kazi yake imesukumwa pembeni. Anayevijua vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa au pamba atautambua mpango huu mara moja.

Maonyesho ya kwanza yalifunguliwa tarehe 15 Aprili 1874, majuma mawili kabla ya Salon, katika vyumba vilivyokuwa studio ya mpiga picha Nadar. Walioshiriki walikuwa kiasi cha watu 30. Kiingilio kilikuwa faranga moja, na milango ilifunguliwa tena usiku, saa mbili hadi saa nne, ili hata mwenye kazi za mchana apate kuja. Kwa mwezi mmoja walikuja watu kiasi cha 3,500. Wengine walikuja kucheka. Mwandishi Louis Leroy aliichukua picha ya Monet ya bandari ya Le Havre alfajiri, ambayo jina lake lilitaja athari ya jua linapochomoza, akalifanyia dhihaka neno hilo la athari. Na kwa neno hilo kundi zima likajulikana tangu hapo.

Hata hivyo si dhihaka iliyokiua chama, bali hesabu. Mwezi wa Desemba 1874 wanachama walikutana chini ya uenyekiti wa Renoir, ikaonekana kila mmoja anadaiwa faranga 184 na nusu. Chama kikavunjwa.

Maonyesho hayakukoma, ila msingi wake ulibadilika. Mwaka 1876 yalifanyika katika nyumba ya mfanyabiashara wa picha, Paul Durand-Ruel. Mwaka 1877 yalisimama kwa fedha za Gustave Caillebotte, mchoraji mwenzao aliyekuwa tajiri. Mwaka 1879 faida ilipatikana, kila mshiriki akagawiwa zaidi ya faranga 400. Mary Cassatt, Mmarekani aliyeshiriki kwa mara ya kwanza, alitumia fungu lake kununua picha za wenzake, Monet na Degas.

Lakini penye wengi pana mengi. Edgar Degas alishikilia kwamba apelekaye picha Salon asionyeshe pamoja nao. Kwa Degas, aliyetaka kundi liwe na msimamo mmoja, sharti hilo lilikuwa la heshima. Kwa Renoir na Monet, waliohitaji wanunuzi, lilikuwa mzigo. Renoir akarudi Salon mwaka 1878, Monet mwaka 1880. Degas naye akaendelea kuwaingiza marafiki zake, hata Caillebotte akajitoa mwaka 1881. Waliokimbia baraza la waamuzi sasa walibishana wao kwa wao nani astahili kuingia. Katika maonyesho ya mwisho, mwaka 1886, ilimbidi Pissarro awapiganie vijana Georges Seurat na Paul Signac wakubaliwe. Yeye peke yake alishiriki mara zote nane. Berthe Morisot alikosa mara moja tu.

Vijana hao walikuwa wamekwisha kushiriki, mwaka 1884, kuunda Chama cha Wasanii Huru, kisicho na waamuzi wala tuzo, ambacho maonyesho yake yameendelea hadi karne hii. Hata huko, mwaka 1912, wachoraji waliopanga chumba walimtaka Marcel Duchamp abadilishe jina la picha yake. Akaiondoa, akaenda nayo.

Basi haifai kusema kwamba wachoraji hao walishindwa kwa kuwa waligombana. Katika Salon aliyekataliwa hakuwa na wa kumwuliza sababu. Katika ushirika alimjua aliyemkataa, na mkutanoni aliweza kusimama akamjibu. Pissarro aliliona hilo tangu kwa waoka mikate, akavumilia ugomvi wa miaka kumi na miwili kwa ajili yake.