Mtoto, Mwanafunzi na Mke: Maneno Matatu ya Sheria katika Maisha ya Msichana wa Tanzania Bara

Katika matumizi ya Waswahili tangu zamani, neno mtoto halikuwa neno la hesabu. Mtu huitwa mtoto wa babaye hata akiwa na mvi kichwani. Ukuaji ulipimwa kwa dalili za mwili na kwa mafunzo: msichana aliyekaribia kuvunja ungo huitwa kigori, akishavunja ungo, akawekwa ndani na kufundwa na somo yake, huitwa mwari. Hata neno kubalehe, lililotoka katika Kiarabu, asili yake ni kufikia, wala si kutimiza idadi ya miaka. Sheria za dola zilipoleta tarakimu hazikuyafuta maneno ya kale. Ziliyapa baadhi yake mipaka mipya, na mipaka hiyo haikulingana.

Neno la kwanza kuwekewa mpaka ni mke. Hapo awali ndoa za Tanganyika ziliongozwa na kanuni mbalimbali: za mila, za Kiislamu, za Kikristo na za kiserikali. Serikali ilitoa mapendekezo yake mwaka 1969, na Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya 1971, ikaziweka ndoa zote chini ya paa moja. Kifungu cha 13 kilimtaka mwanamume awe na miaka 18, lakini mwanamke 15. Na mahakama iliweza kutoa ruhusa kwa aliyetimiza miaka 14, palipokuwa na sababu maalumu. Kifungu cha 17 kilimtaka msichana aliye chini ya miaka 18 apate idhini ya babaye, au ya mamaye ikiwa baba amefariki. Kweli, sheria ilidai pia ridhaa ya msichana mwenyewe. Lakini ridhaa ya binti aliyelelewa kutii ni vigumu kuitenga na utii wenyewe.

Neno la pili ni mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilitamka kuwa kila mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Lakini mabadiliko ya Kanuni ya Adhabu ya 1998, yaliyomlinda msichana wa chini ya miaka 18 na mwanamume hata kama ameridhia, yalimtoa katika ulinzi huo aliyetimiza miaka 15 akiwa mke wa mwanamume huyo. Hivyo neno mke lilitangua neno mtoto.

Neno la tatu ni mwanafunzi. Kanuni za elimu za 2002 ziliruhusu mwanafunzi aliyeingia katika ndoa afukuzwe shule. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ikawa kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari ni kosa la kifungo cha miaka 30. Sasa tuchukue mfano wa wasichana wawili wa kijiji kimoja, wenye miaka 15. Mmoja amefaulu kuingia sekondari; mwenzake hakufaulu, amebaki nyumbani akichota maji na kulea wadogo zake. Kwa maandishi ya sheria hizo, amwoaye wa kwanza ni mhalifu. Amwoaye wa pili, kwa idhini ya baba, ni mkwe. Umri wao ni mmoja. Kilichowatenga ni matokeo ya mtihani.

Mgongano huo ulifikishwa mahakamani na Rebeca Gyumi. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufani, ikieleza kwamba sheria ya 1971 ilikuwa mapatano yaliyozingatia mila na dini. Mahakama ya Rufani iliikataa rufani hiyo mwezi Oktoba 2019. Muda uliowekwa ukapita, na Bunge halikuwa limebadilisha vifungu hivyo.

Wataalamu wa lugha huzoea kusema kuwa maana ya neno huamuliwa na matumizi ya wasemaji. Historia hii yaonyesha matumizi ya namna nyingine: neno moja, likiisha kuandikwa katika sheria, laweza kuamua kama msichana ataamka alfajiri kwenda shule, au kuwasha moto katika jiko la wakweze.