Nyaraka za Malindi Ziko Chini ya Maji

Mwambie mtu akuonyeshe historia ya Malindi, atakupeleka moja kwa moja kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Mreno huyo alifika hapa mwaka 1498, akapewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, na sisi mpaka leo tunapiga selfi pale alipoacha alama yake. Ukitaka historia ya wenyeji, utapelekwa Gede uone magofu ya misikiti na nyumba. Sawa. Lakini hebu angalia hizo kuta zimejengwa kwa nini. Ni matumbawe. Kwa karne nyingi, Pwani imeyafanya matumbawe kuwa jiwe la kujengea na chokaa ya kupaka. Kumbe jiwe hilo hilo, likiwa bado hai baharini, huwa linaweka kumbukumbu.

Nazungumzia tumbawe la jamii ya Porites, lile linalokua kama kichuguu chini ya maji. Kila mwaka hujiongezea tabaka la chokaa lenye unene wa sentimita moja hivi. Ukilitoboa kwa mashine unatoa mche mrefu wa jiwe, na ukiupiga eksirei, matabaka yanaonekana kama pete za mti. Ndani ya kila tabaka kuna oksijeni nyepesi na oksijeni nzito. Maji yakipata joto, tumbawe huingiza kiasi kidogo zaidi cha ile nzito. Kwa hiyo ukipima uwiano wa hizo mbili, unaweza kukadiria joto la bahari la mwaka fulani, hata kama hakukuwa na mtu mwenye kipimajoto.

Januari 2000, jarida la Science lilichapisha kazi ya Julia Cole, Robert Dunbar, Tim McClanahan na Nyawira Muthiga kuhusu tumbawe moja la Malindi. Rekodi yake ilikuwa na miaka 194, kuanzia 1801 hadi 1994. Fikiria maana yake. Mwaka 1801 Malindi ilikuwa karibu gofu tupu. Sultani Majid wa Zanzibar aliufufua mji mwaka 1861. Yaani kwa miaka sitini ya mwanzo, wakati karani hayupo wala daftari halipo, tumbawe lilikuwa linaandika tu. Na lilichoandika ni kizito: tangu mwanzo wa karne ya 19 bahari yetu imeongezeka joto kwa hadi nyuzi 1.3, na kupanda na kushuka kwake kunafuata mdundo wa Bahari ya Pasifiki, kule El Niño inakozaliwa.

Hadithi ya pili ni ya udongo. Mwaka 2007, Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha rekodi ya takriban miaka 300 kutoka tumbawe la Malindi. Safari hii walipima bariamu. Mto Sabaki ukileta tope, bariamu huachana na udongo pale maji ya mto yanapokutana na chumvi, kisha tumbawe huihifadhi ndani ya chokaa yake. Kwa muda wa karne mbili mstari ulikuwa umetulia. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya Waingereza kuingia na ardhi kugawanywa upya, ukaanza kupanda.

Hapo ndipo historia inaponigusa. Sabaki ni jina la mwisho tu la mto. Kule juu unaitwa Athi, na unakusanya maji ya Nairobi na ya Ukambani. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilianza kuwanyang'anya Wakamba wa Machakos ng'ombe wao, ikidai mifugo imezidi na inamaliza udongo. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kupinga. Akakamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu. Mkoloni alikuwa na ripoti zake, makarani wake na mihuri yake. Tumbawe halikuwa na upande. Haliwezi kutuambia nani alilima wapi, lakini linatupa tarehe, na tarehe zinaonyesha kwamba udongo ulianza kukimbia miaka mingi kabla ya wale ng'ombe kushtakiwa.

Sasa, kusema mstari "ulipanda" ni rahisi. Ulianza kupanda lini hasa? Je, si bahati nasibu tu? Kipande kimoja cha tumbawe kinaweza kutoa maelfu ya vipimo. Ukikosea kuhesabu tabaka moja, miaka yote iliyo chini yake inasogea. Programu za kawaida za ofisini hazikutengenezwa kubeba shaka ya aina hiyo, ndiyo maana wanasayansi wa dunia walijifunza kujiundia zana zao. Mmoja wa waandishi wa ile kazi ya 2007, Manfred Mudelsee, ni mtakwimu anayejulikana kwa kazi hiyo. Mwaka 2000 alitangaza RAMPFIT, programu ya kukadiria badiliko lilianza lini na likaisha lini. Mwaka 2002, yeye na Michael Schulz wakatoa REDFIT, iliyoandikwa kwa Fortran, kwa ajili ya data ambazo vipimo vyake havikuachana kwa muda sawa.

Shida ya zana za kujiundia ni kwamba huzeeka pamoja na mashine. Mfano ni AnalySeries, iliyotolewa mwaka 1996 na Wafaransa watatu. Ilipendwa mno na watafiti wa tabianchi ya kale, lakini ilikuwa ya Macintosh peke yake. Ikabidi baadaye watu wengine, Sergey Kotov na Heiko Pälike, waiunde upya kama QAnalySeries ili ifanye kazi kwenye kompyuta za aina zote. Kumbukumbu ya miaka mia tatu inaweza kukwama kwa sababu programu ya kuisomea imepitwa na wakati.

Shida nyingine ni lugha. Kila maabara ilipanga faili zake kivyake. Mwaka 2016 Nick McKay na Julien Emile-Geay wakapendekeza muundo mmoja, LiPD, ili data za matumbawe, barafu na matope ya maziwa ziweze kusomana. Wenyewe waliuita lugha ya pamoja. Mtu wa Pwani haitaji kuelezwa hilo mara mbili. Kiswahili kilisambaa kwa kazi hiyo hiyo, mfanyabiashara wa Malindi na wa Kilwa waelewane bila kila mmoja kuja na mkalimani wake. Siku hizi kuna pia Pyleoclim, programu ya bure ya Python ya kuchambua data kama hizi.

Na rekodi ya joto la Malindi iko wapi? Imehifadhiwa Boulder, Colorado, kwenye hazina ya tabianchi ya kale ya NOAA, taasisi ya serikali ya Marekani. Haijafichwa. Unalipakua faili bila kulipa hata shilingi, na ndani yake kuna miaka na namba tu, laini kwa laini. Sina ugomvi na Boulder. Nyaraka zimetunzwa vizuri. Ninachosema ni kwamba nyaraka zikisomwa na wageni peke yao, maswali yanayoulizwa yatakuwa ya wageni peke yao.

Na hatuna muda usio na mwisho. El Niño ya 1998 iliua matumbawe mengi kwenye pwani hii, hata ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi iliyoanzishwa mwaka 1968. Tumbawe likifa linaacha kuandika.

Wazee wa Kilifi wanaikumbuka mvua ya 1961, jinsi mito ilivyofurika na njia zikakatika. Mwaka huo umo ndani ya lile faili, una namba yake. Kuiweka namba hiyo kando ya maneno ya mzee ni kazi ya mtu anayesikia Kigiriama na anayeweza kuandika mistari michache ya Python. Vijana wa namna hiyo wapo, Chuo Kikuu cha Pwani na mitaani. Faili linawangoja.