Uwanja wa Nakivubo na Amana Yake

Wengi wetu twaujua uwanja wa Nakivubo, jirani ya soko la Owino. Asili yake ni mwaka 1926. Sheria ya mwaka 1953 iliukabidhi kwa wadhamini, uwe ukumbusho wa askari waliofariki vitani na mahali pa michezo. Nasi tuliozoea mambo ya wakfu twafahamu uzito wa jina hilo, mdhamini. Lakini kandokando yaliota maduka, moja baada ya jingine, hata nafasi ikabana. Mwaka 2017 majengo yalibomolewa. Mfanyabiashara akaujenga upya, ukafunguliwa mwaka 2024 kwa jina la Hamz, umezungukwa na maduka. Mpira wachezwa tena, alhamdulillahi. Ila mtoto wa Kisenyi asiye na fedha ya tikiti hubaki nje ya ukuta.