Ushahidi wa Watu Mia Tatu

Usiku wa tarehe 24 Julai 1790, kusini-magharibi mwa Ufaransa, mwalimu wa sayansi aitwaye Baudin alikuwa akitembea na mwenzake katika ua wa kasri la Mormès. Mbalamwezi iling'aa. Mara weupe mkali ukawazingira, hata nuru ya mwezi ikafifia. Walipoinua macho waliona kimondo, tufe la moto lililoonekana kubwa kuliko mwezi, likiburuta mkia mrefu. Likapasuka, likatoweka. Baudin akaanza kuhesabu. Zilipita zaidi ya dakika mbili ndipo ngurumo ikafika.

Mwalimu huyo namheshimu sana. Sauti huenda kilomita 20 hivi kwa dakika, basi kuhesabu kimya kile ni kuupima umbali wa kimondo bila chombo chochote. Moto wenyewe si wa kuungua kama kuni. Jiwe huingia katika hewa kwa kasi ya kilomita nyingi kwa sekunde, likaibana hewa iliyo mbele yake hadi ikawaka kwa joto.

Usiku ule mawe yalianguka Barbotan na Juillac. Wanakijiji waliyaokota, meya akaandika taarifa, na watu 300 wakaithibitisha. Malipo yao yakawa dhihaka. Padri Bertholon, aliyehariri jarida la sayansi, alisikitika hadharani kuona halmashauri nzima ikitia sahihi ngano za washamba. Hoja ya wasomi wengi wa zama zile ilikuwa nyepesi: juu hakuna mawe, basi yataangukaje? (Mtu aliyesoma akikosea, hukosea kwa sauti kubwa.)

Mwaka 1794 Mjerumani Chladni aliandika kwamba mawe hayo hutoka nje ya dunia. Wengi hawakukubali. Kisha, tarehe 26 Aprili 1803, mawe yapatayo 3,000 yakamwagika karibu na L'Aigle, huko Normandy, na serikali ikamtuma kijana Jean-Baptiste Biot kuchunguza.

Walimu wanafunzi niliwauliza kila mwaka: Biot alianzia wapi? Wengi walijibu, L'Aigle, kwa meya. La. Alianzia Alençon, mbali na mawe yalipoanguka, akiwauliza watu wa huko walichokiona na kukisikia. Ndipo akasogea kijiji hadi kijiji, akilinganisha maneno ya watu wasiojuana, makasisi na wakulima sawasawa. Akachunguza pia kama mawe ya namna ile yaliwahi kuonekana katika viwanda vya chuma na makusanyo ya madini ya eneo lile. Hayakuwahi. Taarifa yake ilisomwa Paris mwaka uleule, na wasomi wakaanza kuokota mawe ambayo wanakijiji walikuwa wamekwisha kuyaokota.