Fito na vishikio vya kuvulia krapi

Fito na vishikio vya kuvulia krapi ni vifaa vinavyotumika hasa nchini Marekani kuwavua samaki wa jenasi Pomoxis kwa mashua inayokwenda polepole huku mishipi mingi ikiwa majini kwa wakati mmoja. Krapi ni samaki wa maji matamu wa familia Centrarchidae, na asili yake ni mashariki ya Amerika ya Kaskazini. Kuna spishi mbili: krapi mweupe (Pomoxis annularis) na krapi mweusi (Pomoxis nigromaculatus). Jamaa yao anayejulikana Afrika ya Mashariki ni bass mdomo-mkubwa, aliyepandikizwa katika Ziwa Naivasha, Kenya, katika miaka ya 1920.

Krapi si samaki mkubwa. Wengi hawafikii kilo moja. Krapi mweupe anayeshikilia rekodi, aliyevuliwa Enid, Mississippi, mwaka 1957, alikuwa na kilo 2.35 hivi. Ugumu wa kumvua haumo katika nguvu zake bali katika mdomo wake, ambao ngozi yake ni nyembamba kama karatasi. Ndoana ikivutwa kwa nguvu hupasua tundu, tundu hupanuka, na samaki huchomoka kabla ya kufika kwenye wavu wa mkono. Tena ufito ukiwa kwenye kishikio, hakuna mkono wa kulegeza mshipi samaki anapokula chambo. Kazi hiyo hufanywa na ufito wenyewe, na ndiyo maana uchaguzi wake una uzito.

Namna mbili za kuvua

Katika namna ya kwanza, wavuvi wawili huketi omo na kutandaza fito zao mbele kama miguu ya buibui, mara nyingi fito nne kwa kila mmoja. Injini ndogo ya umeme huisukuma mashua kwa mwendo wa chini ya kilomita moja kwa saa, na chambo huning'inia karibu wima chini ya ncha za fito. Katika namna ya pili mishipi hukokotwa nyuma ya mashua kwa mwendo wa kasi kidogo, ikiwa na ndoana nyepesi zenye kichwa cha risasi au samaki bandia.

Fito

Kwa uvuvi wa omo, fito huwa na urefu wa mita 3 hadi 5, na zote zilingane. Urefu huo huweka chambo mbali na kivuli na kelele za mashua, jambo la maana pale maji yanapokuwa na kina kifupi au yanapokuwa maangavu. Ncha inatakiwa iwe laini, ipinde mara samaki anapogusa chambo, lakini sehemu ya chini iwe ngumu. Kosa la kawaida ni kununua ufito laini kote. Ukifungwa chubwi la gramu 14 hadi 28 huinama wenyewe kabla ya samaki kufika, na mvuvi hawezi kutofautisha uzito wa chubwi na samaki.

Kwa kukokota nyuma, urefu hutofautishwa makusudi: fito ndefu kabisa hukaa pembeni na fupi karibu na katikati, ili mishipi isisokotane. Mashua inapopinda, mishipi ya upande wa ndani hupunguza mwendo na kuzama, ya nje huongeza mwendo na kupanda. Upande unaopata samaki wakati huo humwonyesha mvuvi kina walichopo, bila kifaa chochote.

Zamani fito zilikuwa za mwanzi. Leo nyingi ni za nyuzi za kioo, za kaboni, au mchanganyiko. Kaboni ni nyepesi na huhisi vizuri, ila huvunjika upesi ikigonga kisiki. Kwa ziwa kama Reelfoot, Tennessee, lililotokana na matetemeko ya ardhi ya 1811–1812 na kujaa visiki, nyuzi za kioo zina faida yake.

Vishikio

Kishikio hafifu huharibu kazi ya ufito mzuri. Kila wimbi linaloinua omo hurusha chambo juu na chini, na kishikio kinacholegea huzidisha mrusho huo. Kwa sababu hiyo vishikio vya chuma hupendelewa kuliko vya plastiki. Kwa kawaida vinne hufungwa kwenye mwamba mmoja juu ya nguzo, na nguzo hukazwa kwa bolti zinazopenya sakafu hadi kwenye bamba la chuma chini yake. Skrubu za mbao hung'oka.

Umbo nalo ni muhimu. Kishikio kilicho wazi juu huruhusu ufito kuinuliwa moja kwa moja kwa mwendo mmoja laini. Kile cha bomba humlazimu mvuvi kuuvuta ufito nyuma kwanza, na mvuto huo ndio unaopasua mdomo wa krapi. Pembe ya kila kishikio iweze kurekebishwa ili ncha zote zikae kwenye mstari mmoja karibu na uso wa maji, kwani ncha moja ikitofautiana na nyingine huonekana mara moja.

Sheria na usalama

Idadi ya fito zinazoruhusiwa hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Minnesota, kwa mfano, huruhusu mshipi mmoja tu kwa mtu wakati maji hayajaganda, hivyo namna ya buibui haiwezekani huko. Kaboni hupitisha umeme: fito za aina hiyo hulazwa chini radi inapokaribia, na hazisimamishwi chini ya nyaya za umeme.