Sotoka, Nyumbu na Dhana ya Hali ya Asili katika Serengeti

Sera nyingi za uhifadhi katika Afrika Mashariki zimejengwa juu ya dhana kwamba kila mfumo wa ikolojia, yaani jumla ya viumbe wa eneo fulani pamoja na udongo, maji na hewa inayowategemeza, una hali yake ya asili, na kwamba wajibu wa mhifadhi ni kuilinda hali hiyo isibadilike au kuirejesha pale ilipoharibiwa. Udhaifu wa dhana hii hujitokeza mara inapoulizwa asili hiyo ni ya mwaka gani. Kwa Serengeti jibu lililofuatwa bila kutamkwa ni miaka ya 1950: hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1951, Wamasai waliokuwa wakichunga ndani yake wakahamishiwa Ngorongoro mwaka 1959, na mwaka huohuo kitabu na filamu ya mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek na mwanawe Michael vikaueneza ulimwenguni mwito wa kuiokoa nyika ile kama ilivyoonekana wakati huo. Makala hii inadai kwamba kilichoonekana wakati huo kilikuwa matokeo ya ugonjwa wa mifugo, na kwamba kukifanya kipimo cha asili ni kosa la kitaalamu lenye gharama kwa watu na kwa wanyama.

Historia ya ugonjwa wenyewe haina ubishi mkubwa. Sotoka, maradhi ya virusi yanayowapata ng'ombe na jamaa zao wa porini, iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikavuka Umasaini mwanzoni mwa muongo uliofuata na kufika kusini kabisa mwa bara kabla ya karne kwisha. Ng'ombe, nyati na nyumbu walikufa kwa wingi usiokuwa na kifani, na msafiri Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta Wamasai wakifa kwa njaa. Kinachosahaulika ni kwamba wimbi lile la kwanza halikuumaliza ugonjwa. Sotoka ilibaki ikizunguka kwa zaidi ya miaka 60, ikiwaua hasa ndama wa nyumbu waliokwisha kupoteza kinga ya maziwa ya mama.

Ushahidi mzito zaidi unatokana na kilichofuata chanjo. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ng'ombe wa wafugaji waliouzunguka mfumo wa Serengeti walichanjwa kwa kampeni zilizorudiwa, na chanjo bora zaidi ikatengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya. Hakuna nyumbu aliyechanjwa. Hata hivyo, uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba nyumbu waliozaliwa baada ya mwanzo wa miaka ya 1960 hawakuwa tena na kingamwili za sotoka, yaani zile protini ambazo mwili huzitengeneza baada ya kukutana na ugonjwa. Kwa muda mrefu maofisa wa mifugo walikuwa wamewashuku wanyamapori kuwa ndio ghala la maradhi. Matokeo haya yaliipindua shutuma hiyo, kwa kuwa virusi vilitoweka porini mara vilipozuiwa zizini. Nyumbu, waliokadiriwa kuwa takriban 260,000 mwaka 1961, walizidi milioni 1.3 kufikia mwaka 1977. Nyati nao waliongezeka. Punda milia, ambao si wanyama wa kucheua na hawashikwi na sotoka, walibaki karibu idadi ileile, ingawa walikula nyika ileile, wakanyeshewa mvua ileile na kuwindwa na simba walewale. Ni nadra kwa maumbile kumpa mtafiti ulinganisho ulio wazi kiasi hiki, na inashangaza kwamba mijadala ya sera huupita kwa sentensi moja.

Ongezeko hilo la nyumbu liliigeuza nyika yenyewe. Nyumbu wengi walikula nyasi ambazo awali zilikauka na kuwa kuni za moto wa kiangazi, eneo lililoungua kila mwaka likapungua, na miche ya migunga ikapata nafasi ya kukua. Mtafiti Ricardo Holdo na wenzake walikwenda mbali zaidi mwaka 2009 kwa kuonyesha kwamba kurudi kwa miti huko huenda kumeifanya Serengeti ihifadhi kaboni badala ya kuipoteza.

Hapa linazuka fumbo ambalo watetezi wa hoja hii wamelikwepa. Ikiwa upungufu wa nyumbu huzaa nyasi nyingi, na nyasi nyingi huzaa moto unaoua miche, kwa nini vichaka vilisongamana na mbung'o, wadudu wanaoeneza malale na nagana, wakaenea katika sehemu kadhaa za Serengeti na Mara, upande wa Kenya wa mfumo huo, katika miongo iliyofuata pigo la miaka ya 1890? Jibu linalokubalika zaidi ni kwamba nyasi hazijiwashi: moto mwingi wa nyika huwashwa na watu, na watu walikuwa wamekufa au wamehama. Watafiti John Ford mwaka 1971, na Helge Kjekshus mwaka 1977, walikwisha kueleza jinsi kuvunjika kwa ufugaji kulivyompa mbung'o ardhi ambayo jamii za Waafrika zilikuwa zimeidhibiti. Kwa hiyo ugonjwa mmoja ulileta vichaka watu walipokuwa wachache, na ukaleta moto watu walipoongezeka tena. Nadharia yoyote inayomtoa mfugaji katika hesabu haiwezi kueleza matokeo yote mawili.

Katika kueleza ongezeko la nyumbu, wapo wanaosisitiza mvua, na ni kweli kwamba mvua za kiangazi zilizoongezeka kati ya mwaka 1971 na 1976 ziliwapa nyumbu chakula cha ziada. Lakini ongezeko lilikwisha kuanza miaka ya 1960, na punda milia hawakunufaika vivyo hivyo. Wengine, wakieleza kupotea kwa miti, wanawataja tembo. Kazi ya mtafiti Holly Dublin na wenzake ya mwaka 1990 ilionyesha kwamba katika Mara moto ndio ulioanza kuipunguza misitu, na tembo wakaizuia tu isirudi, jambo ambalo linaongeza sababu nyingine bila kuiondoa ile ya sotoka.

Ikiwa hoja hii ni sahihi, makundi ya nyumbu yanayovutia watalii leo yana deni kwa ng'ombe waliopangwa kwenye foleni za chanjo na kwa wafugaji waliowapeleka, na uamuzi wa kumwondoa mfugaji kwa jina la asili haukuwa na msingi wa kiikolojia uliodaiwa. Pengine hitimisho hili halihusu kila hifadhi, kwani shinikizo la mifugo na mashamba ya leo si lile la mwaka 1959. Linatosha, hata hivyo, kudai kwamba mpango wowote wa usimamizi unaotumia neno asili utaje mwaka unaokusudiwa, na uweke takwimu za maradhi na chanjo za mifugo jirani sambamba na hesabu za wanyamapori. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, lakini kimeta, homa ya mbwa inayowaua simba, na maradhi mengine yanaendelea kuvuka mpaka wa hifadhi kwenda na kurudi.