Mpira wa Bukini: Historia ya Ua la Bustani

Bukini ndilo jina la kale ambalo watu wa pwani yetu walikiita kisiwa cha Madagaska. Upande wa kusini-magharibi wa kisiwa hicho, kandokando ya mito, huota mmea utambaao wenye maua makubwa mfano wa tarumbeta, rangi yake kati ya waridi na zambarau, na majani yang'aayo kana kwamba yamepakwa mafuta. Wataalamu huuita Cryptostegia grandiflora. Ukikatwa hutoa utomvu mweupe wenye mpira ndani yake. Kwa sababu hiyo hapa tutauita mpira wa Bukini, tusije tukauchanganya na mpira wa mwitu wa Afrika ya Mashariki, uliogemwa misituni na kuuzwa Kilwa na Unguja katika karne ya kumi na tisa.

Uzuri wake ndio uliousafirisha. Robert Brown alipoutangaza kwa wanachuoni mwaka 1820, ulikwisha kuota katika bustani za India. Katika nusu ya pili ya karne hiyo ulifika Queensland, Australia, ukapandwa katika miji ya wachimba dhahabu kama Charters Towers. Ni haki kuwatetea wapandaji wale. Waliishi penye jua kali na vumbi, na mmea uchanuao bila kudai maji ulikuwa neema. Waliupanda barazani upate kuleta kivuli, na juu ya chungu za taka za migodi upate kuzifunika. Lakini mbegu zake zina nyuzi laini kama hariri, nazo huchukuliwa na upepo na maji. Ukaifuata mito, ukaipanda miti hata ikafunikwa na kufa, ukaziba njia za ng'ombe kwenda majini. Tena una sumu idhuruyo moyo, na mifugo iliyoula ilikufa. Sifa iliyoupendeza machoni pa mtunza bustani, yaani kustawi bila kutunzwa, ndiyo iliyomwelemea mfugaji.

Wakati wafugaji wa Queensland walipokuwa wakiulaani, wakubwa wa nchi nyingine waliutamani. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya na visiwa vya Indonesia, na Marekani ikapoteza karibu njia zake zote za kupata mpira. Ndipo ua la bustani lilipokumbukwa kwa utomvu wake. Nchini Haiti, katika utawala wa Rais Élie Lescot, shirika lililoitwa SHADA, lililoanzishwa mwaka 1941 kwa mkopo wa Marekani, lilitwaa ardhi ya wakulima wadogo ili kupanda mpira wa Bukini. Nyumba zilibomolewa, mashamba ya chakula yakafyekwa, na miti ya matunda, ambayo humchukua mtu miaka mingi kuilea kabla haijazaa, ikakatwa. Tena utomvu wa mmea huu hugemwa kwa kukata ncha za matawi, moja moja, tone kwa tone. Kazi ya watu wengi kwa mpira kidogo. Mwaka 1944 mradi uliachwa, na mpira uliopatikana ulikuwa haba mno. Waandishi wa historia ya vita hivyo hulipita jambo hili upesi. Kwa maoni yangu halistahili kupitwa, kwani mkulima wa Haiti hakuualika mmea huu, wala hakuwa na sauti ulipoletwa shambani mwake.

Turudi Australia. Huko panga, moto na dawa vilitumika, na bado mito ilizidi kufunikwa. Hatimaye wataalamu walijiuliza kwa nini mmea huu haukuwa balaa kwao Bukini, wakaenda kutafuta jibu huko huko. Walikuta maadui wake wa asili, ambao mabaharia na wauza maua hawakuwachukua. Nondo mmoja, ambaye viwavi wake hula majani yake, aliachiliwa Queensland mwaka 1988; na mwaka 1995 ikaachiliwa kutu ya majani, baada ya kujaribiwa kwa uangalifu isije ikadhuru mimea mingine. Kutu hiyo hupukutisha majani, na mmea hukosa nguvu ya kuchanua na kuzaa. Haukutoweka, ila kasi yake ilivunjika.

Mwenye bustani moja hana haja ya nondo wala kutu. Mmea huu hupandwa hata katika pwani yetu kwa ajili ya maua, na aliye nao uani yafaa ajue kwamba kuukata shina peke yake ni kuupogoa: kisiki huchipua tena. Miche michanga ing'olewe pamoja na mizizi, ardhi ikiwa na unyevu. Shina kubwa lichimbwe hadi chini. Mikono ivikwe na macho yakingwe, maana utomvu huwasha. Maganda ya mbegu hukaa mawili mawili, yameachana kama pembe za ng'ombe. Yakatwe yangali mabichi, kwani yakikauka hupasuka, na mbegu zikisharuka ukuta wa ua hauzizuii.